Ukitaka Kumsoma Walibora, Usianze na Kidagaa

Mwalimu akiuliza darasani ni riwaya gani nyingine ya Kiswahili mmesoma mbali na kitabu teule, aghalabu darasa hunyamaza. Anayethubutu kujibu hulitaja jina la Ken Walibora, kisha naye huuliza: ameandika vitabu vingi, nianze na kipi?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Walibora aliacha vitabu zaidi ya 40, ukijumlisha riwaya, tamthilia, hadithi fupi na vitabu vya watoto. Mwanafunzi wa Umoja, Kayole au Dandora hana pesa wala muda wa kujaribu vitatu ili apate kimoja kinachomfaa. Akianza vibaya, atakiacha kitabu ukurasa wa ishirini na kuamini kwamba riwaya ya Kiswahili ni kitu cha mtihani tu. Imani hiyo ikishaota mizizi, kuing'oa ni kazi.

Wengi humwelekeza kwenye Kidagaa Kimemwozea (2012). Sababu zao zinaeleweka. Riwaya hiyo ilitahiniwa katika KCSE hadi 2017, miongozo yake ni mingi, na nakala kuukuu huuzwa kwa bei ya chini kwa kuwa kitabu kikishatoka kwenye orodha ya vitabu teule hakigombaniwi tena. Lakini urahisi huo una mtego. Nakala kuukuu huja na maandishi ya kalamu pembeni: "dondoo", "majazi", "kinaya". Kabla hujamjua Amani, mtu amekwisha kukuambia anawakilisha nini. Isitoshe, riwaya yenyewe inadai msomaji aliyekomaa. Tomoko ni nchi ya kubuni. Majina kama Nasaba Bora, Majisifu na Madhubuti yamebeba sifa au kejeli. Na wizi wa mswada unakwenda sambamba na wizi wa ardhi. Ni riwaya bora, ila si mlango wa kuingilia.

Mlango ni Siku Njema (1996), na nina sababu tatu. Kwanza, usimulizi wake ni wa nafsi ya kwanza. Kongowea Mswahili anakusimulia maisha yake mwenyewe, nawe unamfuata bila kulazimika kufumbua mafumbo ya utawala. Pili, msuko wake ni wa safari: kijana anafiwa na mama, anaonja dhiki mikononi mwa jamaa, kisha anatoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake hadi Kitale. Wako wanafunzi wengi katika mitaa yetu wanaolelewa na shangazi au nyanya na wanaolijua swali la Kongowea bila kufafanuliwa. Tatu, mhusika huyu anakipenda Kiswahili. Sisi tunaoamka na Sheng na kulala na Sheng tunahitaji kumwona kijana ambaye kwake Kiswahili sanifu ni fahari, wala si adhabu ya mwalimu.

Wapo watakaosema kuwa Siku Njema ina sadfa nyingi mno, watu wakikutana mahali ambapo ni nadra kukutana. Ni kweli. Hata hivyo, kwa msomaji anayeanza, hiyo ni faida: ataitambua mbinu hiyo kwa macho yake mwenyewe, na atakapoikuta katika Kidagaa hatahitaji kuikariri. Wengine watasema Karatasi ya Tatu haimuulizi Walibora. Riwaya teule sasa ni Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Hilo nalo ni kweli, na sikuahidi alama hata moja ya moja kwa moja. Nasema tu kwamba aliyesoma riwaya moja pekee hana cha kulinganisha. Ataorodhesha mbinu za mtindo, lakini kwa nini mwandishi alichagua hii akaiacha ile, hatajua.

Ukiwa na jioni moja tu, soma hadithi fupi "Damu Nyeusi". Baada ya Siku Njema, ndipo uingie Kidagaa. Kisha soma Kufa Kuzikana (2003), inayohusu uhasama wa kikabila. Ilitoka miaka kadhaa kabla ya ghasia za 2007 na 2008, na anayeishi ploti moja na majirani wa makabila matano ataielewa upesi. Nasikia Sauti ya Mama, ambayo ni tawasifu, iwe ya mwisho. Ukiitanguliza, utamtafuta Walibora ndani ya kila mhusika, na wahusika watakuponyoka.

Usiseme vitabu haviko karibu. Ulizia kwenye maktaba ya taifa iliyoko Buruburu, au katika matawi ya McMillan yaliyoko Kaloleni na Makadara. Walibora alifariki Aprili 2020 baada ya kugongwa na basi kwenye barabara ya Landhies, barabara ambayo matatu nyingi za Eastlands huipita kila siku. Wengi wetu tulimlilia tukiwa tumesoma kitabu chake kimoja tu, tena kwa sababu kilitahiniwa. Soma cha pili kwa hiari yako.

Maswali ya mjadala
1. Je, msomaji aanze na kitabu cha kwanza cha mwandishi, au kile kilicho bora zaidi? Toa sababu.
2. Usimulizi wa nafsi ya kwanza una manufaa na mapungufu gani kwa msomaji?