MAMA NA MTOTO MGONGONI: NI ABIRIA WANGAPI?



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa hapa Mfangano alisimamishwa na askari njiani karibu na Sena. Nyuma ya pikipiki yake alikuwapo mama mmoja, na mgongoni mwa mama amefungwa mtoto mchanga mwenye homa. Walikuwa wakienda kituo cha afya. Askari alihesabu vichwa, moja, mbili, tatu, akaandika kwenye karatasi kwamba mwendeshaji amepakia abiria wawili. Karatasi hiyo tunayo, tumeisoma mara nyingi. Haisemi popote kwamba mmoja wa abiria hao wawili hajaota meno.

Watu wengi wakamwambia mwenzetu, lipa yaishe. Hata katika Chama wako waliosema hivyo. Sisi twasema asilipe.

Tueleze sheria kwanza, maana wako wanaobishana bila kuijua. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza pikipiki ya magurudumu mawili kuchukua zaidi ya mtu mmoja pamoja na dereva. Kanuni za pikipiki za mwaka 2015 zinasema vivyo hivyo. Sheria hiyo hatuipingi. Anayepanga mishikaki, watu watatu nyuma na gunia la omena juu ya tangi, akateremka mlima na breki mbovu, huyo anachezea roho za watu, wala asitegemee Chama kimtetee. Tumekwisha kumwambia na tutamwambia tena.

Lakini twauliza: siku ile mwenzetu angefanya nini? Ampeleke mtoto kwanza, kisha arudi kumchukua mama? Au mama atangulie na mtoto abaki kando ya ziwa na nyavu? Katika matatu mtoto wa kupakata hapewi kiti wala halipishwi nauli. Yeye na mama yake ni abiria mmoja, na kila kondakta anajua hivyo. Iweje hesabu hiyo ibadilike mama akipanda pikipiki?

Yuko atakayetujibu kwamba pikipiki si matatu, na kwamba mtoto hana kofia ya chuma. Hilo ni neno la kweli, nasi tunaozika wenzetu hatulicheki. Basi wanaolisema watuletee gari la wagonjwa la kuzunguka kisiwa hiki usiku na mchana, nasi tutamsalimia mama akipita. Mpaka gari hilo lifike, mama huyu atapanda pikipiki au atatembea na homa ya mtoto mgongoni.

Wala msidhani jambo la kuhesabu watu ni la kisiwani tu. Huko Marekani barabara kubwa zina njia iliyotengwa kwa magari yenye watu wawili au zaidi, ili watu wachangie gari na msongamano upungue. Anayeingia humo peke yake hutozwa faini. Yaani wao hushtakiwa kwa kuwa wachache, sisi kwa kuwa wengi! Mwaka 2013 bwana mmoja wa California alikwenda mahakamani akidai kwamba hakuwa peke yake, kwa sababu kwenye kiti cha pili aliweka karatasi za kampuni, na kampuni kwa sheria ni mtu. Hakimu alimkatalia. Mwaka 2022 mama mmoja mjamzito wa Texas alitozwa dola 215, akasema mtoto aliye tumboni ni mtu wa pili. Faini ile ilifutwa, ingawa baadaye alikamatwa tena kwa kosa lile lile. Hatusemi nani kati yao alikuwa na haki. Tunaloliona ni kwamba wote wawili walipewa karatasi, wakabisha, wakasikizwa. Swali la nani ahesabiwe mtu halikumalizwa kando ya barabara.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Mahakama iko Mbita, ng'ambo ya maji. Kwenda kubisha ni nauli ya boti kwenda na kurudi, ni siku nzima bila kazi, na kesi ikiahirishwa ni siku ya pili na ya tatu. Mwenye pikipiki anataka hesabu yake ya jioni hata kama mwendeshaji alishinda kortini. Ndiyo maana watu hulipa. Hulipa si kwa kuwa wamekosa, bali kwa kuwa kulipa ni rahisi kuliko kuwa na haki. Wengine hata hawangoji karatasi, noti hukunjwa ikapita mkononi, na kesho yake askari yuko pale pale akingoja nyingine. Ninyi mnaofanya hivyo mnajijua.

Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 48, inaiagiza Serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na ada isiwe kizuizi. Ibara ya 50 yasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Aelezwe shtaka lake kinaganaga, apewe nafasi ya kujitayarisha, aonyeshwe mapema ushahidi utakaotumiwa juu yake, na asipoelewa lugha ya korti apewe mkalimani bila malipo. Jambo moja zaidi mlishike sana: ukikiri kosa mbele ya hakimu, huwezi tena kukata rufani juu ya hatia, ila juu ya adhabu tu. Msiseme "ni kweli" ili mrudi nyumbani mapema.

Twataka hakimu avuke maji aje kusikiza kesi hizi hapa kisiwani kwa siku zinazojulikana. Twataka kanuni iandikwe wazi juu ya mtoto wa mgongoni, tusiachiwe hesabu ya kila askari. Na nauli ya mwenzetu ya kwenda Mbita italipwa na Chama, pamoja na hesabu ya mwenye pikipiki kwa siku hiyo.

Kila mwanachama alete shilingi hamsini kwa Mtunza Hazina kabla ya mwisho wa juma. Mama mwenyewe amekubali kutoa ushahidi, na atakuja na mtoto. Siku ya kesi itabandikwa gatini.