Iondoeni Ukutani Chati ya Miaka ya Mitume



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, katika madrasa nyingi, na majumbani mwetu pia, utakuta chati ukutani: Nabii Adam mwaka fulani kabla ya Masihi, Nuh mwaka fulani, Ibrahim mwaka fulani. Mimi mwenyewe nimeisomesha kwa miaka na nikawatahini watoto. Siku moja mwanafunzi akaniuliza: "Ustadh, mwaka huu wa Nabii Adam umo katika aya gani?" Nikakosa jibu. Leo nasema wazi: haumo katika aya yoyote wala katika Hadithi sahihi.

Basi umetoka wapi? Kitabu cha Mwanzo, sura ya 5 na ya 11, kinataja umri wa kila baba alipomzaa mwanawe. Watu wakajumlisha. Mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland alichapisha hesabu yake kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Masihi. Kalenda ya Mayahudi inaanzia 3761. Tofauti ni miaka 243, na wote wanasoma kitabu hicho hicho!

Nakala zenyewe hazikubaliani. Tangu Adam hadi Gharika, maandishi ya Kiebrania yanatoa miaka 1656. Taurati ya Wasamaria 1307. Tafsiri ya kale ya Kiyunani inapita 2200. Katika baadhi ya nakala za Kiyunani, Methusela anaishi miaka 14 baada ya Gharika, ilhali hakupanda safina!

Chukua kalamu uhesabu mwenyewe. Kohathi, aliyeingia Misri pamoja na Yakub (a.s.), aliishi miaka 133. Mwanawe Amramu aliishi 137. Musa (a.s.) alikuwa na miaka 80 wakati wa kutoka. Hata tukisema Kohathi aliingia akiwa kitoto mchanga, na kila mwana akazaliwa mwaka aliofariki babake, tunapata 350. Lakini Kutoka 12:40 panasema walikaa Misri miaka 430.

Hoja hizi tunazitumia katika mihadhara dhidi ya Wakristo. Kisha tunarudi madrasani na kutundika ukutani tarehe zilizotokana na hesabu hizo hizo! Huu ni uadilifu gani?

Wapo watakaosema, "Ustadh, kuna ubaya gani? Ni faida tu kwa watoto." Ubaya upo. Mtoto hapambanui kati ya Qur'an na chati, kwani vyote amevipokea kwa mwalimu mmoja. Akifika sekondari akasoma kwamba watu walikuwa na makazi Jericho, Palestina, takriban miaka 9000 kabla ya Masihi, atadhani Qur'an ndiyo iliyokosea. Kumbe aliyekosea ni Ussher, na sisi tuliomnakili!

Tazameni adabu ya Qur'an. Firauni alipomuuliza Musa (a.s.) habari za vizazi vya kale, Musa alirudisha elimu hiyo kwa Mola wake (Taha, 51-52). Watu walipobishania idadi ya Watu wa Pangoni, Mtume (s.a.w.) aliamrishwa asishindane nao kwa kina (al-Kahf, 22). Nuh (a.s.) ametajiwa miaka 950 kati ya watu wake (al-Ankabut, 14), lakini hatukuambiwa alizaliwa mwaka gani. Hata nasaba ya Mtume wetu, wanavyuoni wameafikiana hadi Adnan. Zaidi ya hapo wamekhitilafiana. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya nasaba yake yeye, sisi tunapata wapi ujasiri wa kumwekea Adam tarehe?

Habari za Ahlul-Kitab zisizothibitishwa wala kukanushwa na dini yetu, hatuzisadiki wala hatuzikadhibishi. Basi tusizitahini kama dini.

Walimu wenzangu, tubandike chati nyingine: jina la Mtume, kaumu yake, aliyoyalingania, na sura anazotajwa. Nanyi wazazi, mkiona tarehe hizo katika daftari la mtoto, muulizeni mwalimu dalili yake kwa upole. Msiogope. Mimi niliulizwa na mtoto, na akanifaa.

Wallahu a'lam.