Tumlipe Mwalimu, Tamasha Baadaye

Tamasha la hisani tunalijua vizuri. Turubai linafungwa, mgeni rasmi anaalikwa, msanii mwenye jina anapanda jukwaani na nyimbo zake tatu, watoto wa kituo fulani wanaimba wakiwa ndani ya fulana zenye nembo ya mfadhili, kisha inakabidhiwa hundi ya mfano yenye ukubwa wa mlango. Ikifika Jumatatu vyombo vimesharudi kwa aliyevikodisha, na watoto wamerudi walikotoka. Sina ugomvi na wanaoandaa shughuli hizo. Wengi wao hutoa vya mifukoni mwao, na fedha inayopatikana hununua magodoro na unga. Ninachokibishia ni mazoea yetu ya kudhani kwamba hapo ndipo muziki unapomaliza kazi yake kwa vijana wasio na uwezo. Ukifuatilia yaliyotokea Unguja, Nairobi, Kampala na hata Venezuela, utaona kinachomsaidia kijana ni mwalimu yuleyule, siku zilezile za wiki, kwa miaka. Na mwalimu huyo ndiye ambaye michango yetu haimfikii kamwe. Naandika kuwaomba wananchi wenzangu tuanze kumlipa sisi wenyewe.

Tuanze na Zanzibar, kwa sababu hapo somo liko wazi mno. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachojulikana zaidi kwa herufi DCMA, kilianzishwa mwaka 2002, na kwa miaka mingi kilifundishia katika jengo la forodha la zamani, Mji Mkongwe. Hapo kijana alijifunza udi, kanuni, fidla, ngoma na kidumbaki kwa utaratibu wa darasa, mambo ambayo kabla ya hapo yalipatikana tu kwa aliyezaliwa karibu na fundi au kuvumiliwa na kikundi. Siti and the Band, iliyoundwa mwaka 2015, ni bendi ya wahitimu wake. Hata hivyo, mwaka 2019 chuo hicho kililazimika kutangaza kwamba kiko hatarini kufungwa. Wanafunzi kilikuwa nao, walimu kilikuwa nao, sifa ilikuwa imeshavuka bahari. Tatizo ni kwamba kiliegemea wafadhili wa nje na balozi, ufadhili ukapungua, na sehemu kubwa ya wanafunzi hawakuimudu ada iliyokuwa kama dola 13 kwa mwezi. Kwa thamani ya wakati ule hizo ni shilingi 30,000 hivi, kiasi ambacho wengi wetu mjini tungeona haya kukiandika kwenye kadi ya mchango wa harusi. Yaani taasisi iliyobeba urithi wa taarab ilitetereka kwa pengo ambalo kamati chache za harusi zingeliziba bila kuhangaika. Hatukuliziba kwa sababu hakuna aliyetufundisha kuliona kuwa letu.

Nairobi kuna mfano wa upande wa pili. Korogocho ni mtaa wa mabanda unaopakana na jaa la Dandora, ambako takataka za jiji zimekuwa zikimwagwa tangu miaka ya 1970. Mwaka 2008 Elizabeth Njoroge alianzisha hapo mpango wa Ghetto Classics, wa kuwafundisha watoto wa mtaa huo kusoma noti na kupiga vyombo vya okestra. Wapo waliocheka: fidla kandokando ya jaa? Lakini mpango ulidumu, na ulidumu kwa sababu mbili ambazo hazina mvuto wa picha za magazetini. Ya kwanza ni fedha inayotabirika: kuanzia mwaka 2014 tamasha la jazi la kampuni ya Safaricom lilielekeza mapato yake huko, kwa hiyo hata tamasha linaweza kuwa na maana pale ambapo nyuma yake kuna darasa linaloendelea. Ya pili ni kwamba vijana waliojifunza mwanzo wakawa walimu wa waliofuata. Kampala pia njia ilikuwa hiyohiyo. M-Lisada ilianzishwa mwaka 1996 na watoto wa mitaani wenyewe kupitia bendi ya matarumbeta, na Brass for Africa, iliyoanza mwaka 2009 kwa shehena ya vyombo vilivyotumika kutoka Uingereza, ikaja kugundua kwamba vyombo bila walimu ni mzigo wa stoo, ikajikita katika kuwaandaa vijana wa palepale kufundisha. Mtoto wa Korogocho anayefundishwa na kaka aliyekulia uchochoro wa pili hahitaji kuhubiriwa kuhusu matumaini, kwa maana anayaona yamesimama mbele yake yameshika klarineti.

Nakubali kwamba mifano ya namna hii inaweza kuchaguliwa ipendeze, basi tuitazame pia takwimu isiyopendeza sana. Venezuela ina mpango mkubwa wa okestra za vijana, El Sistema, ulioanzishwa na José Antonio Abreu mwaka 1975, na dunia nzima imeuiga. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika iliupima kwa utaratibu mkali: watoto 2,914 wa miaka 6 hadi 14, katika vituo 16, waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaanza mapema na wengine wakasubiri mwaka mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba walioanza mapema waliongeza kidogo uwezo wa kujitawala na kupunguza kidogo utukutu, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao mama zao hawakusoma sana na kwa wavulana walioishi katikati ya ukatili. Katika vipimo vingine vingi, kwa watoto wote kwa jumla, hakukuonekana tofauti. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi mzuri kwa sababu ni wa kiasi. Hausemi kwamba muziki unafuta umaskini. Unasema kwamba kwa mtoto aliyezungukwa na vurugu, mazoezi ya pamoja yanajenga breki ndani yake, tena ndani ya mwaka mmoja tu.

Utafiti huohuo ulifichua aibu ambayo nasi tunaweza kuirudia. Kiwango cha umaskini miongoni mwa watoto waliojiandikisha kilikadiriwa kuwa asilimia 16.7, wakati katika majimbo wanayotoka kilikuwa asilimia 46.5. Mpango uliotangazwa kuwa wa maskini ulikuwa ukiwapata zaidi wenye nafuu, na wala haukuhitaji ubaya wa mtu. Mzazi mwenye nafasi anasikia tangazo, ana nauli, ana muda wa kumpeleka mtoto na kumngoja. Anayeuza mihogo hadi saa mbili usiku hana. Kwa hiyo darasa likiwekwa katikati ya mji, hata likiwa la bure, litajaa watoto wa wafanyakazi wa ofisini. Lipelekwe Tandale, Manzese, Ng'ambo, Korogocho, kwenye ukumbi wa kanisa, chuo cha Kurani, ofisi ya serikali ya mtaa au darasa la shule ya msingi baada ya saa za masomo, mahali mtoto anapofika kwa miguu.

Pingamizi linalosikika haraka ni la njaa: mtoto ambaye hajala umpe tarumbeta? Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba uji uingie kwenye bajeti ya darasa kabla ya nyuzi za gitaa. Lakini kuna jambo linanishangaza katika pingamizi hili. Halitolewi tunapochangia jezi za timu ya mtaa, wala tunaponunua spika za msikiti na kinanda cha kwaya. Tunakubali kwamba mtu mzima mwenye shida ana haki ya furaha na ibada. Iweje mtoto maskini peke yake ndiye atakiwe kushiba kwanza, kisha asome, kisha avae, ndipo aruhusiwe kujifunza kitu kizuri? Kwa mpangilio huo zamu yake haifiki.

Wengine watasema muziki ni uhuni. Nadhani tunachanganya mambo mawili: biashara ya starehe inayotawala usiku wetu, na kazi ya kujifunza chombo, ambayo ni kuamka, kurudia mstari mmoja mara thelathini, kunyamaza wenzako wanapopiga, na kukubali kusahihishwa hadharani. Mhuni hawezi kazi hiyo kwa wiki mbili. Na kwa wenye hoja ya dini, ambao sidharau dhamira yao, kasida na dufu zina walimu wao. Anayemlipa mwalimu wa dufu ameitikia wito huu sawasawa na anayemlipa mwalimu wa kwaya.

Pingamizi zito zaidi, kwangu, ni la matumaini ya uongo. Vijana wetu wameshauziwa ndoto ya Bongo Fleva kiasi cha kutosha: wimbo mmoja, gari, nyumba. Tukija na programu inayowaahidi majukwaa ya Ulaya tutakuwa tumeongeza udanganyifu juu ya udanganyifu. Ndiyo maana nasema mpango wowote tutakaouchangia usiahidi umaarufu. Uahidi kwamba Jumanne na Alhamisi mlango utakuwa wazi na mwalimu atakuwa ndani. Baadhi watapata riziki, na riziki ipo: matarumbeta ya harusi nyuma ya pikapu, hoteli za Unguja, bendi za polisi na magereza, kufundisha shuleni. Wengi watakuwa mafundi, madereva na mama lishe waliowahi kuwa wa kutegemewa katika kundi, na hilo halijapotea. Vilevile watoto wasigeuzwe ombaomba wa jukwaani wanaoitwa kila anapotokea mgeni mwenye kamera. Wapige wanapokuwa tayari, wapige kwanza mbele ya mama zao.

Kuna atakayeuliza serikali iko wapi. Tuidai, sawa. Hapa Tanzania Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha wasanii, lakini mtoto wa miaka 11 hana dhamana na wala hahitaji mkopo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sioni kwa nini kikundi cha matarumbeta kilichosajiliwa kisiombe kununua vyombo kama kinavyoomba kikundi cha bodaboda. Hayo ni ya vijana waliokwisha kujua kazi. Kumfikisha mtoto hapo ni mzigo ambao hakuna dirisha la ofisi linalouhudumia, na tukisubiri lifunguliwe, waliopo sasa watakuwa wameshakuwa watu wazima.

Na hili si jambo la kuiga kwa wageni. Vyama vya Beni, vilivyoenea kwenye pwani yetu tangu mwisho wa karne ya 19 na baadaye kuingia bara, vilicheza ngoma kwa mtindo wa bendi za kijeshi na wakati huohuo vilikuwa vyama vya kusaidiana. Mwanahistoria Terence Ranger aliviandikia kitabu kizima mwaka 1975. Mgeni aliyefika mjini bila ndugu alipata ngoma, na kupitia ngoma akapata wa kumuuguza na wa kumzika. Ikhwani Safaa ya Unguja, chama cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905, kimevuka zaidi ya karne moja kikiwa chama cha wanachama. Babu zetu walijua kuendesha muziki kwa daftari la michango. Sisi tumebaki na ujuzi uleule, tena tumeunoa: tuna kamati, mweka hazina, kundi la WhatsApp, ahadi, kukumbushana na kutajana majina hadi mtu atoe. Ujuzi huo wote tunautumia kwa usiku mmoja wa ukumbi.

Basi ninachoomba ni hiki. Watu 40 wa mtaa mmoja, wa kikoba kimoja, wa ofisi moja au waliosoma pamoja, wakitoa shilingi 10,000 kila mmoja kwa mwezi, wanapata 400,000. Fedha hiyo haitunzi familia ya mwalimu peke yake, lakini inamlipa jioni chache za wiki na kubakiza ya uji. Waahidi miaka miwili, si mwezi mmoja wa msisimko, maana darasa linalofungwa baada ya miezi mitatu humfundisha mtoto kwamba hata waliomjali wamechoka. Hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi. Shule, makanisa na bendi zenye ala zilizolala kabatini zizitoe zitengenezwe. Wanamuziki wastaafu, ambao wamejaa mitaani kwetu na ambao tunawakumbuka tu wakiugua, waombwe kufundisha na walipwe kama walimu. Wenye kumbi wafungue milango jioni bila kodi. Wasanii wenye majina, badala ya nyimbo tatu za bure kwa mwaka, wabebe mshahara wa mwalimu mmoja mmoja. Na ndugu zetu walio Muscat, London au Minneapolis, ambao hutuma fedha za harusi kwa wakati, waingizwe kwenye daftari hilohilo.

Kikao chako kijacho cha mchango, cha harusi au cha kikoba, kabla ya kufunga ajenda, simama uulize ni nani anayefundisha watoto muziki katika mtaa wenu na analipwa na nani. Kama yupo, mwandikishe mwezi huu. Kama hayupo, chagueni watu watatu wamtafute, na msiachane kabla ya kuwapangia tarehe ya kuleta jibu.