Mti Uliopukutika Si Mti Mfu

Yuko mchoraji wa Kiislamu wa Sudan, Ibrahim El-Salahi, ambaye wasomaji wetu wengi wa pwani hawajapata kulisikia jina lake. Baadhi ya michoro yake ya miti, aliyoichora kwa wino, haina hata jani. Shina ni mistari iliyosimama, matawi ni mistari iliyolala, na baina yake mna weupe wa karatasi. Atazamaye mara ya kwanza huuliza: mti gani huu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko karibu nasi kuliko tudhanivyo.

Mti wenyewe Wasudani huuita haraz, nao ni jamaa ya migunga. Tabia yake ni kinyume cha miti mingine: mvua zinyeshapo hupukutisha majani, na kiangazi kikifika huchipua. Wasudani husema uligombana na mvua. Kenya pia upo. Mto Kerio, upitao bondeni mashariki ya Eldoret na kuishia Ziwa Turkana, una miti hiyo kandokando yake huko Turkana, na mifugo hula maganda yake wakati malisho mengine yamekauka. Basi auonaye umebaki vijiti vitupu wakati wa mvua akasema umekufa, amehukumu kwa haraka.

El-Salahi naye alihukumiwa hivyo hivyo. Alizaliwa Omdurman mwaka 1930, akajifunza hati katika chuo cha Qur'ani cha babake, kisha akasomea uchoraji London katika miaka ya 1950. Aliporudi Khartoum na kuonyesha kazi zake, watu wa kwao hawakuzijali. Alijiuliza sababu, akaacha kuchora kwa muda, akazunguka nchini na kuona jinsi hati na nakshi zilivyojaa majumbani mwa watu. Hapo akazirudia herufi za utotoni, akazivunja na kuzijenga upya. Mwaka 1975 alitiwa katika gereza la Kober, akakaa miezi sita bila kuhukumiwa. Kuchora kulikatazwa, naye akachora kwa siri kwenye vipande vya karatasi na kuvifukia mchangani. Mwaka 2013, akiwa amepita umri wa miaka 80, jumba la Tate Modern la London lilimwandalia maonyesho makubwa.

Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kungoja London. Wino si mgeni kwetu. Siyu iliandika misahafu iliyopambwa kwa rangi, mafundi wa Lamu walichonga milango, na walimu wetu wameandika makombe kwa zafarani. Sanaa hizo hazikutegemea sura ya mtu wala mnyama, wala hapana aliyeuliza nakshi ya mlango inafanana na nini. Twaitazama, moyo ukatulia, basi. Na Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipojiwa na mtu aliyeishi kwa kazi ya kuchora, alimshauri achore miti na visivyo na roho. Ajuaye kusoma alifu hawezi kushindwa kusoma shina lililosimama peke yake kwenye karatasi nyeupe.

Twayasema haya tukiitazama Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, la tano nchini Kenya. Jiji huhesabiwa kwa barabara, soko na hospitali, na ni haki. Lakini kijana wa huko akitwaa kalamu na wino akachora miti iliyopukutika ya nyanda zile, ataitundika wapi, na nani atasimama mbele yake kwa dakika tano kabla ya kucheka? Usione vyaelea, vimeundwa.

Rai yetu ni nyepesi. Wakuu wa jiji hilo watenge ukuta mmoja mahali pa watu wote, picha za wachoraji wasio na jina zitundikwe bila kiingilio. Na ndugu zetu wa pwani waishio Eldoret wawe wa kwanza kwenda na watoto wao, wakawaeleze habari za Siyu na za alifu. Mchoraji asiyetazamwa na watu wake akiwa kijana huenda asiwe na subira ya kungoja miaka 50, na kazi yake ikipotea hatutajua tumepoteza nini.