Si Uzito wa Mama, Ni Kamba



Juma hili tunaongea juu ya hamaka, kile kitambaa cha kulalia kinachofungwa katikati ya miti miwili. Wengine watasema hayo ni mambo ya watalii. Lakini vikundi vyetu vimeanza kutoka na watoto wakati wa likizo kubwa, kulala usiku mmoja au miwili kando ya Ziwa Kivu, na hamaka tunazishona wenyewe kwa kitambaa kigumu. Udongo ukilowa, mtu analala juu yake akiwa mkavu, na siafu wanapita chini. Ni kitu kizuri. Ila kabla ya kuwafundisha, tuna kosa letu la kusema.

Likizo iliyopita, mama mmoja wa kikundi chetu, mwenye mwili mkubwa, alikaa kwenye hamaka tuliyoifunga sisi. Kamba ikakatika. Alianguka kwa mgongo mbele ya watoto wake. Watoto wakacheka, na sisi wakubwa tulicheka pia kabla ya kumwinua. Alijikung'uta udongo akasema polepole: «Basi, ni huu mwili wangu.» Hakuna aliyemjibu. Mgongo ulimuuma majuma mawili, na tangu siku ile hajatoka nasi tena.

Tuliporudi nyumbani tuliitazama ile kamba. Ilikuwa kamba ya plastiki ya kuanikia nguo, imekaa juani miezi mingi, na tulikuwa tumeivuta hadi ikanyooka kama mstari wa daftari. Tulimwacha mwenzetu abebe kosa ambalo lilikuwa la mikono yetu.

Jaribuni hili nyumbani. Jazeni maji bidoni ya lita 20, pitisheni kamba kwenye mshikio wake, na watu wawili washike ncha. Wakisimama karibu, wanaiinua vizuri. Sasa kila mmoja arudi nyuma na kujaribu kuinyoosha kamba. Mikono itatetemeka, na kamba haitanyooka. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni namna kamba ilivyolala.

Hamaka ni hivyo hivyo. Tumchukue mama wa kilo 110. Akiwa ndani, na kamba ikiteremka kwa pembe ya digri 30, kila upande unavutwa kwa nguvu ya kilo 110. Kamba ikiteremka digri 10 tu, kila upande unavutwa karibu kilo 320. Ikiwa digri 5, inapita kilo 600. Tena mama wa kilo 60 kwenye kamba ya digri 10 anaivuta zaidi ya kilo 170. Maana yake, mama mwembamba kwenye kamba iliyokazwa anaisumbua kamba kuliko mama mzito kwenye kamba iliyolegezwa vizuri.

Digri 30 mtazipata wapi? Kwenye ekeri ya mtoto wa shule, ile yenye ncha moja nyembamba kuliko nyingine. Ncha hiyo nyembamba ndiyo digri 30. Kama hamna ekeri, pimeni hivi: kila meta moja ya kwenda mbele, kamba iteremke sentimeta 58, yaani nusu meta na kidogo. Kwa miti iliyoachana meta 4, anzeni kufunga kwenye kimo cha meta 1 na sentimeta 60, kisha mrekebishe. Mtu akikaa, kitambaa kiwe kwenye kimo cha kiti, karibu sentimeta 45 kutoka chini.

Sasa kamba yenyewe. Kwa mama mzito tunashauri kila kipande, kamba, mkanda na chuma, kiwe na nguvu mara tano ya uzito wake. Kwa kilo 110 ni kilo 550 au zaidi. Mtu hakai kama jiwe lililowekwa polepole: anajitupa, anageuka, mtoto anamrukia.

Kamba ya katani inaoza ikilowa. Kamba ya plastiki inaliwa na jua, na fundo lake linateleza. Nailoni ina nguvu, lakini inanyooka, zaidi ikipata mvua: unalala juu, unaamka umegusa chini. Kinachofaa ni mkanda bapa wa poliesta, kama ile ya kufungia mizigo ya lori. Tazameni kikaratasi kilichoshonwa juu yake. Kwenye mikanda mingi rangi ya bluu ni poliesta, na pale penye LC pameandikwa namba kwa daN. DaN moja ni karibu kilo moja ya mvuto. Mkanda usio na kikaratasi, au uliochanika ukingoni, uacheni kwa kufunga kuni. Na kumbukeni kwamba mikanda hiyo ilitengenezwa kufunga mizigo, si kuinua watu. Ndiyo sababu tunadai nguvu mara tano, na ndiyo sababu hatufungi hamaka juu kuliko kimo cha kiti.

Mkanda mpana una faida ya pili: haukati ganda la mti. Uzungusheni mara mbili kwenye shina, kisha mpitishe ncha moja ndani ya kitanzi cha ncha nyingine. Punguzeni mafundo, kwa kuwa kila fundo linaipunguzia kamba nguvu. Kama mnatumia musketoni ya chuma, iwe ile yenye namba na herufi kN. Kila kN moja ni karibu kilo 100. Ile ndogo ya kushikia funguo si ya kazi hii, wala ndoano ya msumari uliokunjwa.

Mti uwe mzima na shina lake lipite unene wa paja la mtu mkubwa. Mgomba hapana. Mpapai hapana. Mkaratusi uliokauka hapana, hata ukiwa mnene. Fungeni kwenye shina, si kwenye tawi la mparachichi. Na nguzo ya matofali msiiguse kabisa: hamaka inavuta kwa pembeni, na nguzo ya matofali inaweza kumwangukia aliyelala. Hilo ni kubwa kuliko kuumia mgongo.

Mwisho, kujaribu. Ondoeni mawe chini. Watu wawili waning'inie kwanza kwenye kitambaa kwa mikono, miguu ikiwa chini. Ndipo mwenye kulala akae katikati polepole, mmoja akimshika. Na wa kujaribu wa kwanza awe yule aliyefunga, si mama mzito. Kama humwamini mkono wako mwenyewe, usimpe mwenzako.

Jumapili tulikwenda kwa yule mama. Tulibeba ile kamba iliyokatika, mkanda mpya na ekeri. Tulimwomba msamaha, kwa kamba na kwa kicheko, na watoto waliocheka walikuwepo. Alizungusha kamba mikononi, akaipasua kwa vidole bila nguvu nyingi. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza mkanda mpya umeandikwa kilo ngapi, akatusomesha ile namba mara mbili.

Amesema atakuja matembezi yajayo, lakini na kiti chake. Tumemjibu kwamba kiti kinakaribishwa. Hamaka tutaifunga karibu nacho, na wa kwanza kulala tutakuwa sisi.