Chupa ya Sodiamu na Uvivu wa Malenga

Washairi wenzangu, leo naandika kwa hasira kidogo, wala sitaificha.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, pale Izia mjini Sumbawanga, baridi ya Ufipa ikiwa bado haijaachia madirisha, binti mmoja wa kidato cha tatu alinisomea onyo lililobandikwa kwenye chupa ya sodiamu. Lilikuwa na maneno manne ya Kiingereza, naye aliyatamka vizuri kuliko mimi. Nikamwuliza maana yake. Akafikiri, kisha akajibu: “Isiwekwe kwenye maji mengi.” Nikamwuliza, “Na maji kidogo?” Akasema, “Kidogo haina neno, mwalimu. Hata kisu cha kuikatia tutakifuta kwa kitambaa chenye unyevu.”

Sikumcheka. Nilishikwa na baridi nyingine, isiyo ya Ufipa.

Kwa wasioijua, sodiamu ni metali laini ambayo hukatwa kwa kisu kama sabuni ya mche. Ikikatwa hung'aa kama fedha, na baada ya muda mfupi hewani hufifia. Huhifadhiwa ndani ya mafuta, aghalabu mafuta ya taa, ili hewa na unyevu visiifikie. Kipande kidogo kama punje ya mchele kikitupwa majini huelea, kwa sababu ni chepesi kuliko maji. Joto la mmenyuko wenyewe hukiyeyusha, maana sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98 hivi, maji yakiwa hayajafika hata kuchemka. Kikawa tone la mviringo linalokimbia juu ya maji likivuma, likitoa hidrojeni na kuacha nyuma yake magadi makali yanayoweza kula ngozi na kupofusha jicho. Kipande kikiwa kikubwa, hidrojeni hushika moto na tone hupasuka, likirusha metali ya moto na magadi makali usoni mwa watazamaji. Ndiyo maana huvaliwa miwani ya kinga, huwekwa kioo baina ya beseni na wanafunzi, na kipande hushikwa kwa koleo, si kwa vidole. Jasho la kidole nalo ni maji.

Sasa tuulizane: binti yule amekosa nini? Akili anayo. Kiingereza cha kujibia mtihani anacho. Alichokosa ni sentensi moja ya Kiswahili iliyotungwa na mtu anayejua uzito wa neno. Na watu hao, kwa madai yetu wenyewe, ni sisi.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza ataniambia kwamba istilahi zipo, kwamba TUKI ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Kweli, na ni kazi ya heshima. Lakini istilahi si onyo. Chukua kitenzi “menyuka”. Darasani kinatosha, nami nimekitumia hapo juu. Kibandike kwenye chupa, “humenyuka vikali ikikutana na maji”, na mtoto aliyekulia jikoni atakumbuka ndizi na viazi vinavyomenywa. Neno la nadharia humsaidia anayefikiri akiwa ameketi. Mwenye kisu mkononi anahitaji “hulipuka”, anahitaji “huunguza”, anahitaji “usiguse”. Tumekaa miaka mingi makongamanoni tukigombania kama tuseme sodiamu, sodi au natiri, na katika miaka yote hiyo hatukuandika lebo hata moja ya chupa. (Mimi ni wa sodiamu. Ila wa natiri wana hoja: Ziwa Natron linaitwa hivyo kwa magadi yake, na magadi ni mtoto wa metali hiyohiyo, kama ilivyo chumvi tunayotia mchuzini.)

Wa pili atasema Kiingereza kinatosha kwa kuwa ndicho cha mtihani. Huyu namwomba alitazame neno “inflammable”, lililoandikwa miaka na miaka kwenye madumu ya vimiminika vinavyowaka upesi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba “in-” hukanusha atalisoma kuwa “kisichowaka”. Waingereza na Wamarekani wenyewe walilishtukia, wakahimizana kulikata kichwa ili watu wasiungue. Wao, wenye lugha, waliona haja ya kurekebisha onyo. Sisi tunalikariri.

Na tusisingizie kwamba mambo ya metali ni mageni kwetu. Ufipa iliyeyusha chuma vizazi na vizazi kabla ya maabara yoyote kujengwa. Matanuri yake marefu, malungu, yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kisha chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo lililovuviwa. Profesa Bertram Mapunda na wanaakiolojia wengine wameyachunguza mabaki yake. Kazi ile ilikuwa na fundi mkuu, dawa, miiko na nyimbo, na tanuri lilisemwa kama bi harusi. Sidai kwamba miiko yote ilikuwa sayansi. Nadai kwamba hapakuwa na kijana aliyesogezwa kwenye moto ule akiwa na maagizo ya lugha ambayo fundi wake mwenyewe hakuiota usiku.

Basi nimejaribu. Ubeti huu nimeutunga kwa ajili ya chupa, si kwa ajili ya sifa:

Sodiamu mafutani, chombo na kiwe kikavu,
Usishike mkononi, hata ukiwa mkavu,
Iwakapo darasani, mwaga mchanga mkavu,
Maji usitie ndani, italipuka kwa nguvu.

Mtanilaumu kwa kurudia “kavu” mara tatu katika vina vya mwisho. Nimerudia kusudi, neno hilo likisahaulika, mengine yote hayana kazi. Mchanga wenyewe, katika masika ya Ufipa, hauwi mkavu kwa kuitwa mkavu: uwekwe ndani ya ndoo yenye mfuniko. Na kizimamoto cha kabonidayoksaidi kisiguswe, maana sodiamu inayowaka humenyuka hata na gesi hiyo.

Yako yaliyonishinda kuyatia katika mizani. Mabaki hayatupwi kwenye sinki wala kwenye pipa la taka. Mwalimu huyatia vipande vidogovidogo, kimoja kimoja, katika alkoholi isiyo na maji, mbali na moto, hadi yaishe. Chembe ikiruka kwenye ngozi, huondolewa kwanza kwa koleo kavu, ndipo pakaoshwa kwa maji mengi, wala mpangilio huo haugeuzwi. Na potasiamu, ndugu ya sodiamu, ni mkorofi zaidi: iliyokaa miaka kabatini hujifanyia utando wa njano, na kuikata ikiwa hivyo kunaweza kuilipua mkononi hata kama tone la maji halipo. Hiyo haikatwi, haikwaruzwi, huitiwa mtaalamu. Ubeti wa potasiamu nimeuanza mara nne na kuuchana mara nne. Mwenye kuweza kuutia utando wa njano katika mizani nane kwa nane, bila kuupoteza ukweli wake, na aulete. Izia bado kuna chupa isiyo na lebo.