Watumeni Watoto Siku ya Idi

Ukitaka kuwasikia watu wazima wakizungumza kitoto, waulize habari za Idi walizokulia. Kila mmoja atakuwa na lake. Lakini tega sikio uone wanasimulia nini. Ni nadra mtu kukwambia kwamba alishiba. Atakwambia alitumwa makaa usiku, akajikwaa gizani, yakamwagika nusu. Atakwambia alikalishwa kwenye mbuzi akakuna nazi mpaka kidole kikachubuka, na mama yake akamwambia apake mafuta ya nazi aendelee. Pilau lenyewe atalimaliza kwa neno moja, "tukala", kisha atarejea kwenye makaa na nazi.

Wazazi wenzangu, hapo pana somo. Siku hizi hatuishi kulalamika kwamba Idi haina ladha. Huyu atasema samli ya sasa si samli, yule atasema mchele umechanganywa, wa tatu atazilaumu simu. Yote yana ukweli kidogo. Lakini mimi nashika hili: watoto wetu hawaionji Idi kwa sababu tumewaondoa kwenye kazi yake. Tumewavisha, tumewapaka manukato, tumewakalisha sebuleni kama wageni, halafu tunashangaa wanakaa kigeni.

Nitasema ya kwetu Unguja, ndiyo niyajuayo. Shughuli ilianza siku kadhaa kabla. Ngano ya boko boko ilitwangwa, ikapetwa, ikachaguliwa punje kwa punje, na wachaguzi walikuwa watoto, maana macho yao yanaona vijiwe ambavyo bibi havioni. Iliki ilimenywa na wadogo, nao waliachiwa makapi wanuse. Vileja vilifinyangwa na yeyote mwenye mikono safi, na ndiyo maana katika bati moja ungeona kimoja cha duara kama kimepimwa na kingine kimepinda, na kila mwenye chake alikijua.

Kisha ikaja habari ya mwezi. Ramadhani ikifika 29, hapana ajuaye kama kesho ni sikukuu au ni kufunga. Mchele wa mkate wa kumimina hauna budi kulowekwa, usagwe pamoja na tui, utiwe sukari, iliki na hamira, uachwe uumuke. Yote hayo yanataka saa nyingi. Ukiuwahisha na mwezi usionekane, umepata kazi. Ukiuchelewesha na mwezi ukaonekana, umeaibika. Kwa hiyo mtoto mmoja aliwekwa kwenye redio. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa: kuisikiliza Sauti ya Tanzania Zanzibar, asisinzie, na tangazo likitoka akimbie uani kusema. Nimewaona watu wa makamo, wenye vyeo vyao, ambao mpaka leo wanaieleza kazi hiyo kwa fahari kubwa kuliko wanavyoeleza kazi zao za ofisini.

Tangazo likitoka, mtaa mzima huamka. Umeme ulipoenea na blenda zikaanza kuingia majumbani, palikuwa na nyumba moja au mbili zenye blenda katika mtaa, na foleni ya watoto wenye mabakuli ya mchele ilifika mpaka barazani. Huko kwenye foleni ndiko watoto walikotaniana, wakaonyeshana mikono yenye hina, wakapeana habari za nguo mpya ambazo hawakuruhusiwa kuzitoa sandukuni. Nyumbani, sufuria ya mkate ilikaa kwenye jiko, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na mtoto aliyelinda moto alionywa kitu kimoja tu: asifunue. Mkate wa kumimina haupatani na mtu wa kufunua funua. Jungu la boko boko nalo, lililochemka usiku kucha mpaka nyama na ngano vikawa kitu kimoja, lilingojea mikono ya kaka wakubwa. Kulipiga boko boko kwa mwiko mpaka livutike si kazi ya mchezo, na aliyelipiga hakuacha kulitaja likishapakuliwa na kumiminiwa samli na sukari.

Lakini kazi iliyokuwa na faida kuliko zote ni ile ya sahani.

Watu wamerudi kutoka kuswali, kwa njia nyingine isiyo ile waliyoendea, kama tulivyofundishwa. Zakatul fitri imeshatolewa kabla ya swala, pishi ya mchele kwa kila kichwa cha nyumba, na mara nyingi aliyepelekwa nayo kwa mwenye haki yake alikuwa mtoto. Sasa mama anapakua. Sahani ya kwanza, boko boko. Kipande cha mkate pembeni. Kawa la ukindu juu yake. "Peleka kwa bibi yako wa nyumba ya pili. Usikimbie. Usifunue njiani. Useme mama anakusalimia, anakupa mkono wa Idi." Mtoto anakwenda, anapiga hodi, anaingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe mtoto wa nani vile?"

Anajitaja. Na hapo bibi humshika mkono, akamkalisha, akamweleza kwamba babu yake walisoma naye chuo kimoja, kwamba alikuwa mtundu, na kwamba pua hiyo ni yake hasa. Mtoto yule hajafundishwa nasaba na mwalimu yeyote. Kaipata kwenye mkeka wa jirani, sahani ikiwa bado mkononi. Nyumba ya tatu anamkuta mjane aliye edani, anajifunza kupunguza sauti. Nyumba ya nne pana mgonjwa kitandani, na anarudi kwa mama na habari ambayo mama hakuwa nayo. Alasiri baba atakwenda kumtazama yule mgonjwa, kwa sababu ya sahani.

Tena sahani hairudi tupu. Hilo kila aliyelelewa pwani analijua. Mwenye halua atatia halua, mwenye vileja atatia vileja, na nyumba iliyoamka haina kitu ilitia hata ndimu mbili za uani. Mama akipokea ndimu zile hakusema neno, ila sahani ya mchana ya nyumba ile, ya pilau, ilipakuliwa ikafurika. Mtoto aliyebeba sahani zote mbili aliona bila kuhubiriwa.

Leo nani anabeba? Bodaboda. Chakula kimeagizwa kwa mpishi, kimetiwa katika vyombo vya plastiki, kijana wa watu amekileta mlangoni, amelipwa, amekwenda zake. Jirani ametumiwa picha ya meza kwenye simu. Mkono wa Idi nao umetumwa kwa simu kwa mtoto aliye chumba cha pili. Simlaumu bodaboda, anatafuta riziki yake, na mpishi pia. Wala sisemi kila kitu kitwangwe kwa kinu. Unga wa dukani na uletwe. Ninachouliza ni hiki: mtoto huyu akifika miaka arobaini, akiulizwa habari za Idi, atasimulia nini?

Wapo watakaojibu kwamba maisha ni magumu, vitu ghali. Ugumu si mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi imetoka vitani na madukani hamna kitu, sukari na mchele vilikuwa vya foleni, na mwaka 1983 serikali ilipotangaza vita na wahujumu uchumi, watu wengine waliogopa hata kuonekana na gunia la sukari nyumbani. Idi za miaka ile zilikuwa za vijiko vya kuhesabiwa. Cha ajabu, hao waliokuwa watoto wakati ule ndio wenye simulizi ndefu kupita wote. Nao hawasimulii njaa. Wanasimulia walivyopangwa kwenye foleni kwa zamu na ndugu zao, huyu kaondoka yule kaingia, mpaka kilo moja ikafika nyumbani na ikawa kaimati.

Wengine husema, tutaanza mwakani, mtoto bado mdogo. Hesabuni vizuri. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo Idi husogea nyuma, na huchukua kama miaka 33 kuyazunguka majira yote. Waliokuwa watoto kati ya 1988 na 1993 walipata Idi el Fitr katika masika, na ukikutana nao lazima wakueleze matope, na viatu vipya vilivyobebwa mkononi mpaka uwanjani Mnazi Mmoja. Waliofuata, mwishoni mwa miaka ya 1990, wanakumbuka jua la kaskazi. (Naam, ukitaka kujua umri wa mtu anayeuficha, muulize kama Idi yake ilikuwa na mvua.) Idi ya masika ilirudi tena katika miaka hii ya 2020, na sasa imeanza kuondoka. Kuanzia mtoto anapopata akili mpaka anapobaleghe, sikukuu haijasogea hata nusu ya mwaka. Ndizo hizo tu atakazopewa.

Lipo pingamizi lenye uzito zaidi, na si haki kulipita. Akina mama watasema: huyu anayeusifu usiku wa kuamkia Idi alikuwa akila, sisi tulikuwa tukipika. Ni kweli. Mwanamke amefunga mwezi mzima kama mwanamume, amepika futari na daku siku zote hizo, na usiku ambao mwenzake anakwenda kutafuta kanzu mjini, yeye yuko mbele ya moto mpaka alfajiri. Utamu wa utoto wetu ulikuwa mgongo wa mtu. Wengi wameamua kuagiza chakula si kwa uvivu, bali kwa kuchoka, na aliyechoka hapewi mawaidha.

Basi mawaidha haya nawageuzia wanaume. Harusini, nani anayesimama kwenye masufuria ya pilau, moto wa kuni, mwiko mrefu kama kasia? Mwanamume, na anasifiwa. Akirudi nyumbani hajui chumvi inawekwa wapi. Mbona Idi el Hajj, mnyama akichinjwa, wanaume huchuna, hukata, hugawa mafungu, la nyumbani, la jamaa na majirani, la maskini, na hakuna aliyewahi kuona haya? Mikono iliyokata nyama inaweza kumenya thomu. Na mtoto wa kiume akimwona baba yake anakuna nazi, hutamwita mara mbili.

Neno hili si la Waislamu peke yao. Wachagga wanaopanda kwenda Kilimanjaro kila Desemba, mabasi yakajaa mpaka nauli ikawa habari ya magazetini, wanajua ninachosema. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam anafikishwa kihambani, anakalishwa kwenye kiti cha plastiki na soda, wakati huko nyuma ya nyumba binamu zake wanamenya ndizi za mtori na wajomba wanachuna mbuzi. Siku ya tatu anauliza tunarudi lini. Mpeni kisu na mkungu wa ndizi, mikono ikichafuka utomvu atawajua binamu zake kwa majina. Wala majirani wa dini mbili si jambo la kutuzuia. Katika miji yetu sahani ya Idi imekuwa ikienda nyumba ya Mkristo miaka yote, na Krismasi ikarudi na chakula chake. Ikikatika, imekatika kwa uvivu wa mpelekaji.

Hata walioko mbali wanaweza kutupa funzo. Ndugu zetu wa Oman, ambao wengi wao Kiswahili bado kimo majumbani mwao, wana nyama yao ya Idi iitwayo shuwa: hupakwa viungo, hufungwa kwa majani ya mgomba, hutiwa katika kifuko cha makuti na kufukiwa kwenye shimo la moto, ikae humo siku nzima au zaidi. Katika vijiji vingine familia nyingi hutumia shimo moja, na kila mmoja hutia alama yake kwenye kifuko ili siku ya kufukua asichukue cha mwenzake. Mafuta wameyapata, hoteli wanazo, nao bado wanachimba.

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, kaeni na watoto mgawane kazi kwa majina, wa kiume na wa kike bila ya kubagua. Wadogo wachague mchele na kumenya iliki. Mwenye miaka kumi apewe mbuzi na nazi mbili, si kumi. Mkubwa awe na moto, na mtu mzima karibu yake. Mmoja awekwe kusubiri tangazo la mwezi, hata kama ni kwa simu, na asiruhusiwe mwingine kulitangaza kabla yake. Mnaoishi ghorofani, msiseme hamna majirani. Yuko wa mlango wa pili, yuko mlinzi getini ambaye siku hiyo hajaenda kwao. Na mkono wa Idi msiutoe asubuhi kitandani. Mwambieni mtoto utatoka atakaporudi na sahani ya mwisho, na atakapoweza kuwaeleza aliyeipokea anaitwa nani, na hali yake ikoje.